Familia Ndogo, Karamu Kubwa: Sherehe za Ukoo katika Vitabu vya Sura vya Wasomaji wa Awali, kwa Mtazamo wa Mpepai, Mbinga

Utangulizi

Makala hii inachunguza historia ya vitabu vya hadithi vya Kiswahili vilivyokusudiwa wasomaji wa awali nchini Tanzania, kwa kutazama jambo moja ndani yake, yaani sherehe ya familia. Msomaji wa awali hapa ni mtoto aliyekwisha kuzijua herufi na silabi, anayeweza kusoma sentensi bila kushikwa mkono, lakini ambaye bado hawezi kuubeba mzigo wa riwaya. Katika fasihi za watoto za nchi nyingi mtoto wa hatua hiyo huandikiwa kitabu cha sura: hadithi moja iliyogawanywa katika vipande vifupi, ambayo anaweza kuiacha jioni na kuirudia kesho yake akiwakuta watu walewale. Mfano unaotajwa mara kwa mara ni *Little Bear* cha Else Holmelund Minarik, kilichofungua mfululizo maarufu wa vitabu vya wasomaji wapya nchini Marekani mwaka 1957. Kina visa vinne, na kimojawapo ni cha siku ya kuzaliwa. Sherehe ya nyumbani, kwa maneno mengine, ilikuwamo katika aina hii ya kitabu tangu ilipoanza kupata umbo lake la sasa.

Katika Kiswahili mambo yalikwenda njia nyingine. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba ufinyu wa kitabu ndio ulioamua ufinyu wa familia, na ufinyu wa familia ukaamua ni sherehe ipi iandikwe. Kitabu cha kurasa 16 chenye sentensi moja au mbili kwa kila ukurasa hakiwezi kulisha wahusika zaidi ya wanne au watano, na watu wanne hawafanyi arusi. Wanaweza kukata keki.

Mpepai, kata ya Mbinga katika mkoa wa Ruvuma, imechukuliwa kuwa mahali pa kutazamia. Iko katika nchi ya Wamatengo na majirani zao, ambako mtoto huanza shule akiwa na lugha ya nyumbani, ambako Ukatoliki una mizizi ya zaidi ya karne moja, na ambako karamu ya ukoo ilikuwa na jina na mahali pake muda mrefu kabla ya kitabu chochote. Ukitazama kutoka hapo, pengo la vitabu vya sura huonekana wazi kuliko likitazamwa kutoka Dar es Salaam.

Sengu

Maandishi ya kiethnografia kuhusu Wamatengo, yakiwamo ya Basehart (1972, 1973), yanaonyesha jamii ya wakulima wa milimani waliogawana ardhi kwa koo. Kila ukoo ulishika ntambo, yaani kipande cha mteremko kati ya vijito, na humo ulilima kwa ngoro, mashimo yanayopangwa kama vyumba vya sega la nyuki ili kuzuia mmomonyoko. Kilimo cha ngoro chenyewe ni kazi ya pamoja yenye mgawanyo: wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa safu zinazokatana, wanawake huchimba na kuyafunika kwa udongo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, waliofanya kazi katika milima hiyo tangu miaka ya 1990, wameeleza kwa kirefu taasisi iliyoambatana na mfumo huo, nayo ni sengu.

Sengu lilikuwa jina la mahali na pia la kikao. Watu wa ukoo walikusanyika kwa babu kula pamoja. Kila nyumba ilileta chakula chake, na hakuna mtoto aliyeulizwa kwao kumepikwa nini. Baada ya kula yalifuata mafundisho, maonyo, na usuluhishi wa magomvi. Kwa hiyo mtoto alijifunza nani ni nani kwa kuwaona wakila: baba mkubwa, baba mdogo, shangazi aliyekuja kwa siku mbili, mjomba anayeheshimiwa kwa namna ya pekee. Kikao hiki kilidhoofika kadiri kahawa, iliyoingia milimani katika miaka ya 1920, ilivyoleta fedha ya kila nyumba peke yake. Hata hivyo hakikufutika katika kumbukumbu. Mradi wa maendeleo wa Chuo Kikuu cha Sokoine ulipotafuta jina la kamati ya wanakijiji huko Kindimba, neno lililochaguliwa lilikuwa sengu.

Sherehe za sasa zimebeba sehemu ya kazi hiyo. Ubatizo, komunio ya kwanza, kipaimara, arusi, mahafali ya darasa la saba na misa ya kumbukumbu ya marehemu ndizo zinazowarudisha watu milimani, na nyingi hungoja fedha ya kahawa baada ya mavuno ya katikati ya mwaka. Mganda hupigwa, ile ngoma ya safu na mwendo wa kijeshi ambayo Ranger (1975) aliihusisha na historia ya beni. Kutoka ufukweni huja mbasa na dagaa wa Nyasa. Siku ya kuzaliwa si mgeni tena, hasa mjini Mbinga, lakini kwa Wakatoliki wa kusini siku ya mtoto kwa desturi ilikuwa sikukuu ya somo wake, yaani mtakatifu ambaye mtoto anaitwa kwa jina lake. Ni siku anayoshirikiana na kila mwenye jina hilo, wakubwa kwa wadogo. Inafaa kukumbuka kwamba huko pwani somo ni mwenye jina lako au mwanamke anayemfunda mwari, na kwamba darasani ni kile kinachofundishwa. Mtoto wa Mpepai anaweza kukutana na maana mbili kati ya hizo katika wiki moja.

Herufi kabla ya hadithi

Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899. Shule zao za vijijini zilifundisha kusoma kwa ajili ya dini, na maandishi ya kwanza ambayo mtoto aliyasoma hadi mwisho yalikuwa sala na katekisimu. Sherehe zilikuwamo, lakini kama kalenda: Noeli, Pasaka, Pentekoste. Kalenda humwambia msomaji lini. Haimwambii nani aligombana na nani juu ya mbuzi. Ufukweni hali ilikuwa tofauti. Waanglikana wa misheni ya UMCA, waliojikita kisiwani Likoma tangu mwaka 1885, walitumia Kinyanja katika ibada na maandishi yao, hivi kwamba mtoto wa Liuli na mtoto wa Litembo, waliotenganishwa na siku chache za kutembea, walizijua herufi kupitia lugha mbili.

Hadithi za Wamatengo wenyewe ziliandikwa mapema. Padri Johannes Häfliger alichapisha ngano zao kwa Kijerumani mwaka 1908, na msamiati wa Kimatengo mwaka 1909. Zilitoka katika majarida ya wataalamu huko Ulaya. Kimatengo kina irabu saba ambapo Kiswahili kina tano, na tangu wakati huo hakikuwahi kuwa lugha ya kitabu cha shule. Yoneda (2010) ameonyesha jinsi Kiswahili kilivyoingia ndani ya Kimatengo kinachosemwa leo. Mwendo wa kinyume, wa Kimatengo kuingia katika Kiswahili kinachosomwa, umekuwa hafifu sana.

Utawala wa Waingereza ulileta mashine ya kusanifisha. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930, ikipitia miswada ya vitabu kabla havijachapishwa. Kazi hiyo ilikuwa na faida ambayo haifai kubezwa: bila tahajia moja, hakuna kitabu ambacho kingeweza kutoka Dar es Salaam kikasomeka Mbinga. Lakini pamoja na lugha ya Unguja ilikuja pia nyumba ya pwani. Maneno yenye uzito ya sherehe katika Kiswahili sanifu, kama vile akika, maulidi, unyago, jando na arobaini, yana mahali yalikotoka. Mwandishi wa bara aliyetaka kuandika juu ya karamu ya kwao alikuta msamiati umekwisha kukaliwa. Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1948, lilipanua idadi ya vitabu vya kujisomea, ila wasomaji wake wakuu walikuwa watu wazima na wanafunzi wa madarasa ya juu.

Jamaa inakuwa taifa

Mwaka 1962 Julius Nyerere aliandika kijitabu juu ya ujamaa akichukua jina la siasa yake kutoka katika familia pana. Ungetarajia kwamba vitabu vya shule vilivyofuata vingejaa koo. Havikujaa. Baada ya Azimio la Arusha na sera ya Elimu ya Kujitegemea, zote za mwaka 1967, mfululizo wa *Tujifunze Lugha Yetu* ndio uliowalea wasomaji wa Tanzania Bara kwa vizazi kadhaa, na wengi waliousoma bado wanazikumbuka hadithi zake. Familia ilikuwamo, lakini furaha kubwa ilikuwa ya kijiji, ya shule au ya taifa. Kwa kuwa taifa lilikuwa jamaa, jamaa yenyewe haikuhitaji tena karamu yake.

Hukumu hii isiwe kali kupita kiasi. Katika sensa ya mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima walikuwa hawajui kusoma. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kufuatia uamuzi wa Musoma wa mwaka 1974 milango ya shule za msingi ilifunguliwa kwa watoto wote. Karatasi ilikuwa haba, na kitabu kimoja kiligawanywa kwa watoto wengi. Katika hali hiyo mtu hachapishi hadithi ya kurasa 60 ya mtoto wa darasa la pili. Anachapisha kitabu cha kiada chenye habari fupi fupi, kila moja ikiishia kwenye maswali. Mantiki ya uhaba huo inaeleweka kabisa. Kilichosahaulika ni kwamba ilibaki hata uhaba wenyewe ulipopungua. Kizazi kizima cha walimu kilizoea kuiona hadithi kuwa kitu kinachokwisha kabla kengele haijalia.

Baada ya mwaka 1991

Mwaka 1991 ni mpaka halisi katika historia hii. Serikali ilianza kuachia uchapishaji wa vitabu vya shule kwa kampuni binafsi. Walter Bgoya, aliyekuwa akiongoza Tanzania Publishing House, alianzisha Mkuki na Nyota. Na Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulizaliwa kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada. Mradi huo ulifanya jambo ambalo soko lisingelifanya: ulimhakikishia mchapishaji kwamba sehemu ya nakala zake itanunuliwa na kupelekwa shuleni. Kampuni ya E&D ya Elieshi Lema na Demere Kitunga ilikuwa miongoni mwa walioitumia nafasi hiyo vizuri, na Lema mwenyewe ni mwandishi wa watoto. Kwa mara ya kwanza kukawa na rafu ya Kiswahili yenye vitabu vya rangi vilivyoandikwa kwa ajili ya mtoto bila maswali ya mwishoni.

Hapa ndipo ufundi wa uchapaji unapodai nafasi katika historia ya fasihi. Karatasi moja ikikunjwa hutoa kurasa 8 au 16, na picha ya rangi ni ghali kuliko maneno. Kitabu cha mtoto mdogo kikawa cha kurasa 16 au 24, nusu yake picha. Kitabu cha mtoto mkubwa kikawa hadithi ndefu isiyo na picha nyingi. Katikati, mahali ambapo kitabu cha sura kingekaa, palibaki patupu au karibu patupu.

Familia iliyotoshea katika kurasa 16 ilikuwa mara nyingi baba, mama, mtoto wa kiume na mtoto wa kike, na bibi akija kutembea. Neno lenyewe *familia* lilikuwa likisukuma kando *jamaa*, *nyumba* na *ukoo* katika lugha ya shule, likibeba umbo hilo dogo. Sherehe inayoweza kubebwa na watu hao ni ya siku ya kuzaliwa: ina mhusika mmoja wa katikati, tukio moja, chakula kimoja kinachochorwa kwa urahisi, na hakuna mkwe wa kupokewa. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba keki iliingia kwa kuiga Ulaya. Kuiga kulikuwapo, lakini keki ingeweza kushinda hata bila kuigwa, kwa sababu ilikuwa sherehe pekee iliyolingana na bajeti.

Ukubwa haukuwa kizuizi pekee. Karamu ya kweli ya Mbinga ina pombe ya mahindi, na mhariri wa vitabu vya watoto, kwa sababu nzuri, huiondoa. Mara nyingi huweka soda mahali pake. Togwa, ambayo watoto hunywa na ambayo hupikwa nyumbani kwa kimea, ingeifanya kazi hiyo bila kuileta kreti kutoka mjini. Misa ya kumbukumbu ya marehemu nayo huachwa nje kwa kudhaniwa kuwa ni ya huzuni, ingawa kwa mtoto wa milimani ni mojawapo ya siku anazokutana na binamu wengi kwa wakati mmoja.

Kipimo cha dakika moja

Upimaji wa kitaifa wa stadi za kusoma, kuandika na kuhesabu uliofanyika mwaka 2013 uliitikisa nchi, na mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili uliofuata ulielekezwa kwenye stadi hizo tatu. Karibu na wakati huohuo serikali iliurudisha uandishi wa vitabu vya kiada kwa Taasisi ya Elimu Tanzania, na wachapishaji waliokuwa wakifidia hasara ya vitabu vya hadithi kwa faida ya vitabu vya kiada wakapoteza fidia hiyo. Mkoa wa Ruvuma ukaingia katika mradi wa Tusome Pamoja, uliofadhiliwa na Marekani kuanzia mwaka 2016, pamoja na Iringa, Morogoro, Mtwara na Zanzibar.

Kipimo kilichotawala kilikuwa kasi: maneno 50 kwa dakika kwa mwanafunzi anayemaliza darasa la pili. Kiswahili humsaidia mtoto hapa, kwa kuwa silabi zake nyingi ni wazi na herufi zake hazidanganyi. Mtoto wa Mpepai anaweza kuitamka *tulipowakaribisha* bila kukosea huku akiwa hajajua ni nani aliyemkaribisha nani. Neno hilo moja lina nafsi, wakati, urejeshi wa mahali au wa wakati, mtendwa na mzizi. Kulielewa kunahitaji kukumbuka watu waliotajwa nyuma. Habari ya maneno 60 inayotumika kupima kasi haina nyuma ya kukumbukwa. Mtoto anaweza kuifaulu tena na tena pasipo kupata hata mara moja uzoefu wa kumkuta mtu katika ukurasa wa 30 na kumtambua kwamba ndiye aliyenuna katika ukurasa wa 5.

Hilo ndilo linalopotea kitabu cha sura kinapokosekana, na ndiyo sababu sherehe ya ukoo si mada ya mapambo tu. Mtoto anayesoma katika lugha ambayo si ya nyumbani kwake ana kazi mbili: kuyafahamu maneno na kuyafahamu mambo. Arusi anaijua. Anajua kwamba shangazi atachelewa, kwamba sufuria zitaazimwa na moja itarudi imebonyea, kwamba kuna mzee ambaye lazima apewe nafasi ya kusema na atasema mno. Akipewa hadithi ya mambo hayo, kazi moja kati ya mbili imekwisha kufanywa nyumbani. Akipewa siku ya kuzaliwa katika ukumbi wa mji asioujua, hufanya zote mbili, tena ndani ya kurasa 16.

Uchapishaji wa mtandaoni wa leseni huria, kama ule wa African Storybook uliozinduliwa mwaka 2014, umeondoa sehemu ya kizuizi cha karatasi. Mwalimu anaweza kuchukua hadithi, kubadili majina, kuondoa keki na kuweka togwa. Marekebisho hayo ni mazuri, ingawa kwa kawaida huacha idadi ya watu ilivyokuwa. Togwa ya watu wanne bado ni togwa ya watu wanne.

Karamu katika sura

Sengu lina mpango ambao mwandishi wa kitabu cha sura angeweza kuutumia karibu kama ulivyo. Nyumba kadhaa, kila moja ikiandaa chungu chake, ni sura kadhaa. Kila sura huanza na mlango mwingine na kumleta mtu mpya mmoja au wawili, kiasi ambacho msomaji wa awali anaweza kumudu. Majina ya udugu hurudiwa kwa sababu za kweli: baba mkubwa huitwa hivyo na huyu, mume wangu na yule, kaka na wa tatu, na mtoto hujifunza kwamba mtu mmoja ana majina kadhaa kwa kadiri ya anayeita. Kisha vyungu hukutana kwa babu, na ugomvi ulioanza katika sura ya pili husikilizwa mbele ya wote, ukiwa na mashahidi ambao msomaji amekwisha kuwatembelea mmoja mmoja majumbani mwao.

Hadithi ya namna hiyo, yenye nyumba sita na sura saba, huhitaji watu wapatao kumi na wawili. Kwa aya fupi, herufi kubwa kiasi na picha moja ya rangi moja kwa kila sura, hutoshea kurasa 48, ambazo ni karatasi tatu za kurasa 16 kila moja.